Jino la Pembe na Pengo la Mzee

Wahenga wa pwani walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Msemo huu tumezoea kuutumia kwa mambo mengine kabisa: kwa mume aliyefariki na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine, kwa rafiki wa utotoni asiye na badala yake, pengine hata kwa kiongozi aliyestaafu. Ni nadra mtu kuuchukua kwa maana yake ya asili na kuuliza: je, ni kweli? Jino lililoundwa kwa mkono wa binadamu haliwezi kabisa kuwa dawa? Na je, kila pengo ni ugonjwa hata lihitaji dawa?

Maswali hayo ndiyo tutakayoyashughulikia katika makala hii, ndugu msomaji, kwa sababu watu wetu sasa wanaishi miaka mingi kuliko walivyoishi babu zao, na wengi wanaufikia uzee wakiwa na meno machache kinywani na watoto wengi wenye mashauri.

Meno ya pembe yenyewe si hadithi. Katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi wa Ulaya na Marekani walichonga meno ya bandia kutoka pembe za ndovu na kutoka meno ya kiboko. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili. Meno yake ya bandia hayakuwa ya mti, kama wengi wanavyosimulia. Yalikuwa na pembe ya kiboko, meno ya watu, risasi, na springi za chuma zilizoyasukuma juu na chini ili yasidondoke. Meno ya namna hiyo yalinuka, yaliumiza fizi, na aghalabu mwenyewe aliyavua ilipofika saa ya kula. Aliyesema kwamba si dawa ya pengo alikuwa na haki. Baadaye, tangu miaka ya 1850, ukaja mpira mgumu uliopikwa pamoja na kiberiti. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaja akriliki, ile plastiki ya rangi ya ufizi ambayo hadi leo hutumika kutengenezea meno mengi ya bandia ya kuvaa na kuvua.

Mama wa Msimbazi

Tumfikirie mama mmoja mwenye umri wa miaka 67, ambaye kwa muda mrefu ameuza viungo katika mitaa inayozunguka soko la Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Si mtu fulani anayejulikana kwa jina. Ni mfano tulioutunga ili hesabu yetu ipate mahali pa kusimama, ingawa msomaji aliyekulia mitaa hiyo hatakosa kumkumbuka mtu anayefanana naye.

Mama huyu amekwisha kung'olewa magego yake makubwa yote, juu na chini, kulia na kushoto. Moja lilitoka mwaka huu, jingine mwaka ule, kila lilipouma. Juu amebakiwa na meno 10: sita ya mbele pamoja na magego madogo manne, yaani yale mawili yanayofuata chonge kila upande. Chini amebakiwa na meno 9: sita ya mbele, magego madogo mawili ya kulia, na moja tu la kushoto. Hilo moja la kushoto limeanza kuoza shingoni, pale ufizi uliposhuka na kuuacha mzizi wazi.

Ugali anakula, samaki anakula, matembele hayamsumbui. Nyama ya ng'ombe huikata vipande vidogo, na miwa ameiaga. Harusi ya mjukuu inakaribia, na watoto wake wamekutana kushauriana. Mtoto wa kwanza, ambaye biashara yake inakwenda vizuri, anataka mama apandikiziwe meno ya kudumu yaliyofungwa kwa skrubu ndani ya taya. Binti yake anaona hayo ni mateso: heri yang'olewe yote yaliyobaki, awekewe seti nzima mpya, juu na chini, apumzike na maumivu maisha yake yote. Wa tatu anapendekeza meno ya akriliki ya kuziba mapengo ya nyuma tu, kwa kuwa ndiyo rahisi kulipia. Mama mwenyewe amesikiliza, kisha akasema: "Wanangu, mimi sijaomba meno ya harusi. Mimi nataka nile karanga zangu."

Katika baraza hilo lote, aliyelikaribia swali la kisayansi kuliko wenzake ni mama.

Kuhesabu jozi, si mapengo

Mtu mzima mwenye meno kamili ana meno 32, au 28 tukiyaacha yale magego manne ya mwisho yanayochelewa kuota. Kwa hesabu hiyo ya pili, mama wa mfano wetu amepungukiwa na meno 9. Akitazamwa hivyo, anaonekana kuwa ni mtu mwenye upungufu mkubwa unaohitaji kujazwa. Lakini jino moja peke yake halitafuni. Jino hutafuna linapokutana na mwenzake wa taya ya pili, kama mchi na kinu. Kwa hiyo kinachopasa kuhesabiwa ni jozi za meno yanayokutana.

Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, jina lake Arnd Käyser, alichapisha mwaka 1981 hoja ambayo wakati huo iliwashtua madaktari wengi wa meno. Wao walikuwa wamefundishwa kwamba kila gego lililotoka lazima lirudishwe, ama sivyo kinywa kizima kitaharibika. Käyser alisema kwamba safu ya meno iliyofupishwa, yaani yenye meno ya mbele na magego madogo bila magego makubwa, yaweza kumtosha mtu kwa kula, kusema na kupendeza, hasa mtu wa makamo na mzee.

Hoja ya Uholanzi, nchi ya mikate laini na jibini, ingeweza kukataliwa Kariakoo kwa sababu ya haki kabisa: wao hawali mihogo mibichi. Ndiyo maana utafiti uliofuata una thamani ya pekee kwetu. Dakta Paulo Sarita, Mtanzania, akishirikiana na wataalamu wa Nijmegen, aliwachunguza hapa Tanzania watu wazima 725 wenye safu zilizofupishwa, akawalinganisha na wengine 125 wenye safu kamili. Waliulizwa juu ya ugumu wanaoupata katika kutafuna vyakula vinavyoliwa kwa kawaida nchini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Wale waliobakiwa na jozi tatu au nne za magego madogo yanayokutana walitafuna kwa urahisi zaidi kuliko waliobakiwa na pungufu ya hizo. Wale waliobakiwa na jozi mbili, au moja, au bila hata moja, walikuwa na shida kubwa, hasa kwa vyakula vigumu. Hali kadhalika, haikuonekana kwamba safu fupi yenyewe huleta maumivu ya kiungo cha taya. Hatari ilianza kuonekana pale ambapo upande mmoja, au pande zote mbili, haukuwa na jozi yoyote ya nyuma ya kuutegemeza.

Watu hao hawakuwa wazee peke yao, na kutafuna kulipimwa kwa maelezo yao wenyewe. Hata hivyo, sioni kipimo kingine kinachomfaa mama wa viungo kuliko kumwuliza anakula nini na anashindwa na nini.

Haya, na tuhesabu. Upande wa kulia mama ana jozi mbili za magego madogo. Upande wa kushoto ana jozi moja. Jumla ni tatu. Hajaingia katika kundi la wenye shida kubwa, lakini amesimama ukingoni kabisa. Na jozi ya tatu inategemea lile jino la chini kushoto lililoanza kuoza shingoni. Likitoka, atabaki na jozi mbili, zote upande mmoja, na upande wa kushoto utakuwa mtupu. Kwa maneno mengine, jino ambalo hakuna mtoto wake hata mmoja aliyelitaja ndilo linaloamua kama mama huyu anahitaji meno ya bandia au hahitaji.

Jino la ukingoni

Kuliokoa jino hilo si lazima kuhitaji mashine kubwa. Na hapa Dar es Salaam inayo sehemu yake katika historia ya tiba hiyo duniani. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya meno ya Dar es Salaam, alianza kutengeneza njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine ya kutoboa. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu iitwayo glasi-ayonoma, ambayo hushikamana na jino kwa nguvu za kikemia na kutoa floridi kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji ya glasi-ayonoma iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa za lazima. Iliyoanza kama njia ya vijiji visivyo na umeme imejaribiwa pia kwa wazee wa Ayalandi wenye mizizi iliyooza, na haikuonekana kushindwa na njia ya mashine kwa tofauti ya maana.

Kwa mama wetu basi, tiba ya kwanza ni kuziba shingo ya jino hilo, kusafishwa ukoko uliogandamana chini ya fizi, na kupewa dawa ya meno yenye floridi ya kutumia kila asubuhi na kila usiku. Ni tiba ndogo, na ndiyo sababu familia nyingi huidharau. Mtu aliyekusanya fedha kwa ajili ya wazazi wake hutaka kuona kitu kikubwa.

Kwa nini yasing'olewe yote

Shauri la binti, la kung'oa yote na kuanza upya, husikika kila mahali, na linatokana na huruma. Lakini katika mashauri yote matatu hilo ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa haligeuziki.

Mzizi wa jino haukusimikwa taya kama msumari ukutani. Umening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyingi nyembamba sana, na katikati ya nyuzi hizo imo mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mtu hutambua chembe moja ya mchanga katika tonge la wali kabla hajaimeza. Nyuzi hizo pia ndizo zinazoupa mfupa kazi, na mfupa usio na kazi mwili huuondoa. Jino likitoka, ukingo wa taya huanza kuliwa, upesi zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha polepole bila kukoma, kama kingo za mto Msimbazi zinavyomegeka kila masika. Antje Tallgren aliwafuatilia wavaaji wa seti kamili kwa miaka 25 na kuchapisha matokeo mwaka 1972: taya ya chini ilipungua kimo takriban mara nne ya ile ya juu. Na taya ya chini ndiyo yenye nafasi finyu kuliko zote, maana ulimi uko katikati na misuli ya shavu iko nje.

Kwa hiyo seti ya juu hukaa vizuri kwa kiasi. Ina kaakaa pana la kujishikiza, na utando mwembamba wa mate kati ya akriliki na kaakaa huinata, kama vioo viwili vilivyolowa vinavyogoma kuachana. Seti ya chini huelea. Nguvu ya kuuma ya mtu mwenye seti kamili, kwa vipimo vingi, ni kama robo tu ya nguvu ya mwenye meno yake. Mama anayetaka karanga, akikubali kung'olewa meno 19 ili apate 28 mapya, atakuwa amebadilisha uwezo alionao kwa sura ya uwezo.

Hata pale ambapo meno hayana budi kutoka, daktari mwenye busara huuliza kama mizizi miwili ya chonge za chini yaweza kubakishwa, ikakatwa usawa wa fizi na kufunikwa, na meno ya bandia yakakaa juu yake. Wataalamu wa Kimarekani Crum na Rooney walipima jambo hilo kwa miaka mitano na kuchapisha mwaka 1978. Waliobakishiwa mizizi ya chonge walipoteza wastani wa milimita 0.6 ya mfupa wa mbele wa taya ya chini. Waliong'olewa yote walipoteza milimita 5.2. Kwa hiyo mzizi uliokatwa, usioonekana na mtu yeyote, unaendelea kuilinda taya.

Skrubu za titaniamu

Shauri la mtoto wa kwanza nalo si la upuuzi. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mifupa ya sungura nchini Uswidi, aligundua kwamba vyombo vyake vya titaniamu vilikuwa vimeshikana na mfupa hata havikuweza kutolewa. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya madini hayo. Leo kipandikizi ndicho jino la bandia lililo karibu zaidi na la asili kwa uimara, na uzee peke yake si kizuizi: mzee wa miaka 80 mwenye afya hupona kama wengine.

Kinachozuia ni mambo mengine. Kisukari kisichodhibitiwa, tumbaku, taya iliyopigwa mionzi kwa sababu ya saratani, na baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa huongeza hatari ya kipandikizi kutoshika au ya mfupa kufa. Mtu aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi anaweza kupata ugonjwa wa namna hiyo hiyo kuzunguka titaniamu. Panahitajika picha za eksirei, upasuaji, kusubiri miezi mitatu hadi sita, kisha kusafishwa na kukaguliwa maisha yote, pamoja na skrubu za akiba za aina ile ile iwapo moja italegea baada ya miaka kumi. Kumwekea mama wetu vipandikizi ili kurudisha magego ambayo, kwa hesabu tuliyoifanya, hayamkoseshi chakula, ni kununua lori la kubebea kikapu.

Lakini mzee asiye na jino hata moja katika taya ya chini, ambaye seti yake inaelea na kumtia vidonda, ni habari nyingine. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walikubaliana kwamba kwa mtu huyo vipandikizi viwili tu vya mbele, vya kubania seti ya kuvua, viwe ndilo chaguo la kwanza. Kama ningekuwa na mtoto tajiri na baba kibogoyo, hapo ndipo ningemshauri azipeleke fedha zake.

Daraja na meno ya kuvua

Daraja la meno, lile lisilovuliwa, hufaa pengo dogo lenye jino imara kila upande. Udhaifu wake ni ule ule wa daraja lolote: nguzo. Meno mawili mazima hupunguzwa ili yavikwe kofia, na kama yameanza kulegea, mzigo wa jino la katikati utayamaliza. Wakazi wa Dar es Salaam wanaoijua Jangwani wakati wa mvua hawahitaji maelezo zaidi. Kwa pengo moja la mbele, ambalo mzee huona haya kucheka nalo, lipo daraja jepesi linalogandishwa nyuma ya jino jirani bila kulichonga sana. Ni jambo la kuuliza kabla ya kukubali kuchongwa.

Meno ya akriliki ya kuziba mapengo ya nyuma, aliyoyapendekeza mtoto wa tatu, yana nafasi yake pale ambapo jozi zimepungua chini ya tatu. Yasiyotengenezwa vizuri huwa ni kitako kinachoegemea fizi tupu, nacho huzisukuma fizi za meno yaliyobaki na kukusanya uchafu shingoni mwake. Yenye mifupa ya chuma cha kobalti na kromiamu, ambayo huegemea meno yenyewe, hudumu zaidi na huacha fizi wazi, ingawa bei yake huwa juu. Mama akiwekewa ya akriliki nyuma bila sababu, uchafu huo utalala jirani na lile jino la ukingoni. Wazee wengi huyavaa siku za sikukuu tu, kisha yakaishia ndani ya bilauri kabatini. Nadhani wanaonyesha akili zaidi kuliko waliowatengenezea.

Onyo moja linastahili kutolewa hapa. Katika miji mingi ya Asia Kusini wapo mafundi wa kando ya barabara wanaobandika jino la plastiki pengoni kwa kulipaka akriliki mbichi juu ya meno jirani, kwa dakika chache na kwa bei ya chakula cha mchana. Popote kazi hiyo inapofanyika, matokeo ni mamoja: akriliki mbichi huunguza ufizi, chini yake hapasafishiki, na baada ya muda pengo moja huwa matatu. Nchini Tanzania kazi ya kinywa imewekwa chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama anayemhudumia amesajiliwa.

Kuishi na seti kamili

Tumwache sasa mama wa viungo na jozi zake tatu, tumgeukie mzee ambaye hesabu yake imekwisha na hana budi kuvaa seti kamili. Anachouziwa si kifaa tu, ni safari. Kuna siku ya kuchukua alama za taya, mara nyingi kwa unga laini ukorogwao na maji ambao hutokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi (si huu unaolimwa Zanzibar, ambao hutoa kitu kingine). Kuna siku ya alama ya pili iliyo sahihi zaidi, siku ya kupima jinsi taya zinavyokutana, siku ya kujaribu meno yakiwa yamepangwa kwenye nta, siku ya kukabidhiwa, na baada ya hapo siku za kukwangua mahali panapochubua. Anayekaa mbali ahesabu nauli zote hizo kabla ya kulipia.

Wiki za mwanzo mate hujaa na maneno huteleza. Ale vyakula laini, vipande vidogo, akitafuna pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu seti inayobebeshwa upande mmoja hunyanyuka upande wa pili. Kahawa ya moto aionje kwa mdomo kwanza. Kaakaa lililofunikwa halihisi joto kama zamani, na mzee anaweza kuunguza koo kabla hajajua. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za usingizi hukausha mate, na bila mate seti ya juu hainati; ni vema daktari wa meno azione dawa hizo. Seti isafishwe kwa sabuni ya kawaida na brashi laini juu ya beseni lenye maji, ili ikiponyoka isivunjike. Isitiwe katika maji yanayochemka, maana itapinda.

Na ivuliwe usiku. Kuvu iitwayo Kandida hupenda kukaa kati ya akriliki na kaakaa, pakawa pekundu na kuwasha. Lililo zito zaidi ni mapafu: utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2015, juu ya wazee 524 wenye miaka 85 na zaidi, ulionyesha kwamba waliolala na meno ya bandia walipatwa na nimonia zaidi ya mara mbili ya wale walioyavua. Japani ndiyo nchi ambayo tangu mwaka 1989 imewahimiza watu wake wafikishe miaka 80 wakiwa na meno 20 ya asili. Nalo Shirika la Afya Duniani mwaka 1992 lilitaja meno yasiyopungua 20 kuwa ndiyo yanayoweza kumtosha mtu maisha yake yote bila ya bandia. Mama wa Msimbazi ana 19.

Limebaki jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, nalo ni sauti. Siku ya kujaribu meno kwenye nta, mzee asikubali kufunga mdomo na kutazama kioo tu. Aseme. Ahesabu kwa sauti kutoka sitini hadi sabini. Sitini na sita na sitini na saba zitaonyesha mara moja kama meno ya juu na ya chini yanagongana. Aseme fimbo, vazi na fedha, ambapo ncha za meno ya juu zinapaswa kuugusa mdomo wa chini kidogo tu. Aseme thelathini na dhahabu, ambapo ncha ya ulimi hutafuta makali ya meno ya juu. Kwa mzee Mwislamu anayesoma Kurani kila alfajiri hili si jambo la urembo, kwa kuwa herufi kadhaa za Kiarabu hutamkwa mahali hapo hapo, na meno yaliyosogezwa mbele au nyuma kwa milimita mbili yatampotezea usomaji aliouzoea tangu chuoni. Asome aya mbili tatu mbele ya daktari, bila haya. Katika nta jino husogezwa kwa kisu chenye joto na kurudishwa mara nyingi mtu apendavyo. Likishapikwa ndani ya akriliki, linalowezekana ni kupunguza kwa tupa.